Code Isiyo na Barua ya Chifu

Siku ya mnada hapa Mutomo, kibanda cha chai cha Wavinya kilijaa kelele kabla hata ya mbuzi kuanza zao. Kisa ni Kitheka, kijana wetu wa kompyuta, tunamwita Injinia. Aliingia na sura ya mtu aliyefiwa.

"Manze, wamekataa code yangu!"

"Nani?" akauliza Ahmednur, mnunuzi wa mbuzi, jina la kijiweni Sultani.

"Wenye ile programu ya bure ya zahanati. Niliwaandikia sehemu ya Kikamba. Sasa wanasema kama ni AI imeandika, haijulikani imetoa wapi. Pengine ni ya mtu, na leseni yake hairuhusu. Wanataka niweke sahihi kwamba ni yangu. Na bila jina langu kwenye hiyo programu, ile kazi ya kompyuta niliyoomba Nairobi imeenda!"

"Kwani kitu cha bure pia huibwa?" Mutie akacheka. Huyo ni Wakili. Sheria alisomea kortini, akiwa mshtakiwa. "Weka sahihi bwana! Nani atajua?"

Sultani akagonga kikombe mezani. "Wallahi, mbuzi bila barua ya chifu kuonyesha ametoka kwa nani, mimi nalala seli. Hata kama nimepewa bure. Hasa kama nimepewa bure!"

"Si basi aombe barua," akasema Wavinya, akimwonyesha Mwongeli, naibu chifu, aliyekuwa anakula mandazi yake.

Tulidhani ni mzaha. Mwongeli akatoa karatasi na muhuri.

"Rangi?" akauliza, kama anayeandikia mbuzi.

"Haina, madam."

"Ngapi?"

"Mistari mia nne."

"Imezaliwa kwenu?"

"Kwa laptop yangu."

"Sijauliza imelala wapi. Ikizaliwa, wewe ulikuwepo?"

Wakili akamkonyeza aseme ndiyo. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitaka aseme ndiyo. Mamake ameiombea hiyo kazi kanisani mwaka mzima.

"Madam... nilikuwa mazoezi ya kwaya. Nikirudi, nikapata AI imemaliza."

Mwongeli akarudisha muhuri kwa mkoba. "Basi wewe ni mnunuzi tu, kijana. Muulize Ahmednur ni nani hushikwa."

Ngai! Injinia akafungua laptop, akafuta mistari yote mbele yetu, akaanza upya. Saa nzima, akapata mitatu. Akaijaribu, wa pili ukakataa kabisa.

Sultani akachungulia, akampiga bega.

"Huo sasa ni wako. Hakuna mtu atakuja kuudai."