Kila Neno Lipite Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Fundi ameleta boksi. Binti mdogo, miwani mikubwa, boksi lenyewe kama kopo la biskuti. Eti likiwashwa, zimamoto, polisi na gari la wagonjwa watasikizana moja kwa moja. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, babu, wewe utapumzika. Pumzika! Neno hilo huambiwa maiti.

Miaka thelathini na moja nakaa chumba hiki na redio tatu mezani. Kila kikosi kina mtandao wake, hakimsikii mwenzake. Zimamoto wakitaka gari la wagonjwa wananiambia mimi, mimi naambia hospitali. Polisi hivyo hivyo. Mji mzima unapita kinywani mwangu. Na shule niliacha darasa la tatu, maana mwalimu hakuwa na jipya.

Mkuu wa kituo amesema boksi litajaribiwa wiki hii. Likifaulu, Ijumaa narudisha ufunguo wa chumba.

Halifaulu.

Jumanne, 4 Machi

Kutwa natafuta mbinu. Mke wangu kauliza mbona nimenuna. Nikamwambia akili kubwa ikiwa kazini, usoni habaki mtu.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu nimepata. Mtu akibonyeza kitufe cha redio bila kukiachia, wenzake wote wanakwama. Binti alipowasha boksi, nikakiweka kipaza sauti cha redio ya zimamoto chini ya paja nikakikalia. Akaita zimamoto, kimya. Akaita polisi, kimya. Raha iliyoje.

Mama wa chai akaingia na birika. Kwa furaha nikamweleza habari za Mkuu, kwamba tumbo lake hufika kwenye moto kabla ya gari. Nikamweleza na mengine.

Furaha ilinisahaulisha kwamba kitufe kikibonyezwa, unasikika. Zamani wangenisikia zimamoto tu. Leo, kwa boksi lile, wamenisikia polisi, hospitali, na Mkuu mwenyewe akiwa garini.

Binti hakucheka. Aliandika tu kwenye daftari lake: sauti inafika vizuri, vikosi vyote.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu hanisemeshi. Afadhali.

Watu hawajui kazi yangu. Zimamoto husema, hebu waambie wale wavivu waje. Mimi hufikisha, ndugu zetu mnaombwa kwa heshima. Neno kama hilo halitoki hivi hivi, unalipima, unalipanga, unakunywa chai kidogo. Wakisikizana wenyewe watatukanana mpaka wavunje redio.

Ili wasichelewe kuanza, leo nimewasaidia. Nimemnong'oneza dereva wa gari la wagonjwa kwamba zimamoto wanamwita konokono. Zimamoto nimewaambia kwamba dereva anawaita wauza maji. Wote wamefura.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi karakana ya magodoro ikashika moto. Moto wa kweli.

Ugomvi ulianza vizuri. Dereva akauliza kwenye redio nani konokono. Kiongozi wa zimamoto akauliza nani muuza maji. Halafu wakaulizana nani aliwaambia. Wakacheka, wakaendelea na kazi. Watu hawana msimamo.

Fundi wa magodoro alitolewa amezimia kwa moshi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika, zimamoto bado wanakunjua mipira ya maji. Dereva akasema, kumbe mnatuita mapema hivi? Kiongozi akamjibu, siku zote tunawaita wakati huu huu. Dereva akasema, sisi tulikuwa tunapata habari baada ya robo saa. Huyu tungemkuta ameshakata roho.

Chumbani kila mtu akanitazama. Mama wa chai naye akaondoa kikombe changu, na nilikuwa sijamaliza.

Nikawaeleza kwamba ujumbe hauendi mbichi. Mkuu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Binti akanifungulia mlango, akasema pole babu. Namuonea huruma, miaka yote hiyo mbele yake na hajui kupanga neno.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani hapana utaratibu kabisa. Mke wangu yuko jikoni, mkwe wetu yuko uani, wanapigiana kelele dirishani kama walevi. Nimeweka kiti mlangoni, katikati yao. Nimewatangazia kwamba kuanzia leo hakuna kusemeshana ovyo, kila neno lipite kwangu.

Mkwe amesema, baba, mwambie mama sufuria linaungua. Neno kali hilo, kwa mkwe kumwambia mama mkwe. Nimeomba chai, nikaanza kulipanga.

Sasa moshi umejaa mpaka sioni ninachoandika, wote wawili wanapiga kelele kwa pamoja, na wala hakuna anayesubiri zamu yake. Nitawafundisha. Wiki mbili zinatosha.