Mjumbe wa Kumi na Tatu

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Juni 1976, wajumbe kumi na wawili wa halmashauri ya kijiji walikuwa wameingia ofisini. Halmashauri ina wajumbe ishirini na watano. Mmoja wao, Waitara, alikuwa hatua kumi kutoka dirisha la ofisi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Lukmani, na hakuwa na nia ya kuingia.

Kijiweni walimwita Kifungu, kwa kuwa alikuwa amekariri kijitabu cha kanuni za mikutano mpaka alama za mkato. Leo kanuni zilikuwa na kazi. Dume lake la ng'ombe, Meja, alikuwa amekula robo eka ya mahindi ya shamba la ujamaa, na ajenda ilikuwa moja: achinjwe Saba Saba, kijiji kile nyama.

"Jana redio ilisema," akaanza Kisyeri, aliyeketi naye benchini na ambaye hakuna taarifa ya habari iliyompita, "kikao cha wilaya moja huko kusini kimevunjika. Kimekosa akidi."

"Akida?" Mzee Mogesi akatega sikio lake zima. "Si hao waliondoka na Mjerumani?"

"Akidi, tata, mzee wangu. Idadi ya wajumbe. Isipotimia, hakuna kikao."

"Basi semeni idadi. Mimi nikisikia hilo jina natafuta fimbo."

"Na hapa akidi ni kumi na watatu," akasema Waitara, akipuliza kahawa yake taratibu. "Wako kumi na wawili. Meja anakula majani yake kwa amani."

"Mahindi yetu," Lukmani akasahihisha.

"Mura, ndugu yangu, kwa hiyo unaokoa ng'ombe kwa kukalia benchi?" akauliza Kisyeri.

"Kwa kanuni ya saba."

"Mimi nilidhani kanuni ni za kuendesha mkutano. Kumbe ni za kuukimbia."

"Kikombe kimoja tangu alfajiri," akasema Lukmani, "na ameshaangusha serikali ya kijiji. Sijaona mapinduzi ya bei rahisi kama haya."

Ndani, Mwenyekiti Heche akagonga meza. Sauti yake ikapita dirishani: "Ndugu wajumbe, tumesubiri vya kutosha. Tunaanza. Hoja ni dume la Ndugu Waitara."

Waitara akaweka kikombe chini. "Hawawezi kuanza."

"Wameanza," akasema Kisyeri.

"Bila akidi?"

"Waache waamue," akasema Lukmani. "Kakate rufaa wilayani."

"Rufaa ikirudi, Meja atakuwa ngozi ya kulalia."

"Basi mtume Kisyeri akawaambie."

"Asiye mjumbe haruhusiwi kusema kikaoni. Kanuni ya kumi na nne."

"Piga kelele kutoka hapa hapa."

"Mjumbe husema akiwa ndani, amesimama, akimwelekea mwenyekiti. Ya kumi na tano."

Lukmani akamgeukia. "Bwana wewe, huyo ng'ombe ameshikwa na Heche au na kijitabu?"

Waitara alikuwa ameshaondoka. Aliingia ofisini, akasimama, akamwelekea mwenyekiti, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kuhusu utaratibu. Kikao hiki ni batili. Akidi haijatimia. Mko kumi na wawili."

"Anayesema ni nani?" akauliza Heche, ingawa walikulia boma moja.

"Mjumbe Waitara."

"Mjumbe Waitara yumo?"

"Nimo."

"Katibu, andika."

Verdiana, katibu wa kijiji, akaandika jina kwenye mstari wa kumi na tatu. Waitara aliifuata kalamu kwa macho, na akaelewa ilipofika katikati ya jina lake. Nje, Kisyeri alikuwa amelala chali benchini, anacheka bila sauti.

"Naomba kutoka," akasema Waitara.

"Akidi imeshatimia, ndugu yangu. Kanuni ya ngapi inakuruhusu kuivunja?"

Waitara akafikiri. Alizijua zote.

"Hakuna, Mwenyekiti."

Akaketi.

Saa nne kasoro dakika tano, hoja ya kumchinja Meja ilipita kwa kura kumi na mbili, bila hata moja ya kupinga. Mjumbe wa kumi na tatu hakupiga kura, kwa sababu kanuni inamkataza mjumbe kupiga kura katika jambo la mali yake. Heche na Verdiana hawakuijua kanuni hiyo. Waliambiwa na Waitara.