Bushiri Aliyekwenda Maparoni Kuitafuta "Ni"

Nyamazeni, enyi watu wa Kibiti! Wewe wa chipsi, punguza moto. Nawe wa bodaboda, zima hilo pikipiki lako linalokohoa, kwa maana nataka kunena habari ya Bushiri mwana wa Zaidi, bwana wa magodoro, ngome ya stendi, aliyeiacha nyumba yake akaenda ng'ambo ya mikoko kuitafuta silabi moja. Naam, silabi. Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana nikishaanza sitaki kelele.

Ilikuwa hivi. Mkewe Maimuna alijifungua salama pale hospitali ya Mchukwi, mtoto wa kiume, na Bushiri, ambaye alilia mbele ya wauguzi bila haya, akaapa kwamba mtoto ataitwa Seleman, jina la babu yake aliyemlea, aliyekwenda vita vya Hitla akarudi na miguu yake yote miwili. Ndipo aliposimama mama mkwe wake, Bi Mwantum, ambaye akisimama hata paka hutoka nje, akauliza: "Huyo babu yako vitani alikuwa nani?"

Hapo ulimi wa shujaa ukamsaliti. Badala ya kusema usafiri wa majini, akasema: "Mama, alikuwa usafiri wa maji wa jeshi."

"Wa maji!" akanena Bi Mwantum, na mtaa mzima ukasikia. "Yaani mchota maji! Wenzake wamebeba bunduki, yeye ndoo! Mjukuu wangu apewe jina la ndoo? Hasha! Ataitwa Rayan."

"Si maji, mama. Majini!"

"Astaghfirullah! Alikuwa anasafirisha majini?"

Lo! Ikawa vita. Mtaa ukagawanyika: wa ndoo huku, wa majini kule, na wale wa katikati, ambao hawakosekani, wakawa wanaulizana hao majini walipandia wapi na walikaa siti za mbele au za nyuma. Akika ilikuwa Ijumaa. Bushiri akaona kwamba asipopata shahidi kabla ya hapo, jina la mzee aliyemlea litapotea duniani, na mtoto wake atakua akiambiwa babu wa baba yake alikuwa kichekesho. Roho ikamuuma sana.

Akaenda Nyamisati, akapanda boti ya injini, yeye mjukuu wa mwanamaji ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka maji ila darajani. Ewe Rufiji, ulimtendea nini simba yule! Maji yalikuwa shwari kabisa. Hata hivyo alishika ubao kwa mikono miwili, akasoma kila dua aliyoijua na nyingine aliyoitunga papo hapo, kisha akaukabidhi mto chai yake na chapati zake zote. Walipofika kisiwani Maparoni maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi ashuke kwenye tope. Tope likamkamata kiatu cha kushoto. Wakavutana, shujaa na tope, vuta nikuvute, mpaka tope likashinda.

Shahidi wake alikuwa Bi Sikudhani, mdogo wa mwisho wa babu Seleman, naye alikuwa uani anapepeta mchele.

"Umekuja, mume wangu?" akamtania mjukuu wake. "Kiatu kimoja, na mikono mitupu?"

"Ewe bibi, hazina ya ukoo, taa isiyozimika! Nimevuka vilindi vya—"

"Sema kama mtu."

"Babu alifanya nini vitani?"

"Alikuwa kwenye boti za jeshi, huko Bama, Asia ya mbali, mtoni. Zinapeleka chakula, zinarudi na majeruhi."

"Ni!" akanguruma Bushiri, akaruka, kuku wakatawanyika. "Majini! Imepatikana ni!"

"Tulia, sijamaliza. Kazi yake ilikuwa kufua."

"Kufua nguo?"

"Nguo za nani, we zuzu? Maji! Boti ilikuwa inavuja. Wenzake wanaendesha, yeye kapiga magoti chini na upo wake, ile kata ya kuchotea, anachota, anamwaga nje, kutwa nzima. Aliniambia mwenyewe: 'Sikudhani, wagonjwa walikuwa wamelala chini. Ningepumzika, maji yangewafika puani.'"

Bwana wa magodoro, mwenye hotuba kwa kila mteja, akasema "Asante, bibi" tu, akaifuata boti ya kurudi.

Ijumaa ikafika. Shehe yupo, pilau lipo, na Bi Mwantum ameketi mkekani na mtoto mapajani, juu ya kanga mpya. Bushiri akasimama mbele ya kaumu ile.

"Mama, ni nimeipata. Lakini sikufichi: maji nayo aliyachota. Aliyachota ndani ya boti akayarudisha mtoni, watu wasife. Kama hiyo ni ndoo, basi mwanangu na apewe jina la ndoo."

Bi Mwantum akafungua kinywa kutamka Rayan. Na mtoto, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote tangu azaliwe, akayaachilia yake, mengi, ya moto, yakapita kwenye kanga, yakashuka mkekani.

"We Seleman!" akapiga ukelele Bi Mwantum. "Seleman, umeniharibia kanga yangu!"

Shehe akakohoa. "Umeshamwita, Bi Mwantum."

"Nimemwita nani?"

Watu wote wakamtazama. Naye akamtazama mtoto, mpaka mdomo ukaanza kumcheza kwa kicheko.

"Haya," akasema. "Mleteeni baba Seleman kitambaa."

Na itangazwe Kibiti, Ikwiriri na hata Ngarambe kwamba siku ile Bushiri mwana wa Zaidi alishinda: akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akayakausha maji ya mwanawe huku analia na kucheka.