Kuhusu Mlango Unaoruhusu Msindikizaji Mmoja

Kwako Daktari Mkuu wa Hospitali,

Kwanza pokea pole ya kazi. Mimi ni msemaji wa ukoo wetu. Harusini na msibani mimi ndiye mshika kipaza sauti, na sijawahi kuambiwa nifupishe isipokuwa na mke wangu. Nakuandikia kwa unyenyekevu na kwa hasira kuhusu utaratibu wako mpya wa kupunguza msongamano katika idara ya dharura. Umefanikiwa, na hilo ndilo linalotuuma. Malalamiko yetu ni haya:

1. Juzi Shangazi aliteleza uani, akaangukia mkono, ukavimba. Tukampakia kwenye pikapu ya shemeji, nasi tukapanda nyuma: wanawe, wadogo zake, wakwe, jirani, na fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki ambaye, alipoona watu wote wanapanda, naye akapanda. Mlangoni muuguzi akatuangalia kama mzigo uliokosea anwani, akasema mgonjwa aingie na mtu mmoja tu. Mtu mmoja, Daktari. Kwetu mtu mmoja haendi hata dukani kununua chumvi.

2. Baada ya maswali machache walimfunga Shangazi utepe wa kijani, maana yake anaweza kusubiri. Mwanamke aliyelea nusu ya mtaa asubiri! Hapo hapo akaletwa kijana aliyeanguka na pikipiki, hana hata binamu wa kumlilia, akafungwa utepe mwekundu na kupitishwa mbele yetu mbio. Nauliza kwa heshima: mtu asiye na watu ana haraka ya nini? Ukali wa ugonjwa hujulikana kwa wingi wa watu walioacha kazi zao. Kwa kipimo hicho, Shangazi alikuwa mahututi.

3. Ilibidi tumchague huyo mmoja. Mwanawe wa kwanza alidai haki ya kuzaliwa, mdogo wake Shangazi akadai haki ya kunyonya ziwa moja naye, mimi nikakumbusha kwamba bila msemaji hakuna kitakachoeleweka. Tukaunda kamati. Kamati ikagawanyika, fundi bomba akateuliwa mwenyekiti kwa kuwa hana upande. Tulipokaribia muafaka, Shangazi akatokea kwa mlango wa pili, mkono umepigwa picha na kufungwa bendeji, dawa mfukoni. Alikuwa ameingia peke yake. Akatuambia, "Mimi nimeshatibiwa. Nyie mnamsubiri nani?"

Fedheha hiyo siwezi kuieleza. Mzee wetu katibiwa kabla ukoo haujakubaliana kwamba anaumwa.

4. Mabenchi ya ukumbini yameondolewa, eti vitanda vya magurudumu vipite. Mabenchi yale ndipo tulipowekea chupa za chai, ndipo ugomvi wa mpaka wa kiwanja ulipomalizwa, na ndipo binamu yangu alipompata mume, aliyekuwa kamleta mama yake mwenye pumu. Mama mtu aliombwa ridhaa ya posa akiwa na barakoa ya hewa usoni, akakubali kwa kichwa. Leo ukumbi ule ni mtupu na msafi, unasikia magurudumu tu. Mtu anaweza kudhani ni hospitali.

5. Kwa hiyo tunapendekeza. Kama msongamano ni lazima upungue, wapunguzwe wagonjwa. Wao ndio wachache, hawatalalamika sana. Tena wanalala, na mtu aliyelala anachukua nafasi ya watu watatu waliokaa, wala hachangii mazungumzo. Kila ukoo uruhusiwe mgonjwa mmoja, naye asubiri nje mpaka aitwe, wakati sisi wenye uchungu naye tunahudumiwa ndani.

Natumaini utalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie muuguzi wa mlangoni, mwambie hatuna kinyongo ila tunamkumbuka kila siku. Msalimie mlinzi, wapishi, wafagiaji, na kijana wa pikipiki kama amepata nafuu. Fundi bomba naye anakusalimu. Sinki bado linavuja.

Wako katika kusongamana,
Msemaji wa Ukoo

N.B. Barua hii niliileta kwa mkono. Nilipofika mlangoni pako kifua kikanibana, jasho likanitoka, miguu ikakataa. Muuguzi yule yule hakuniuliza cheo changu katika ukoo. Alinifunga utepe mwekundu, nikasukumwa katika ukumbi ule mtupu bila kugonga hata chupa moja ya chai. Daktari wa zamu anasema ningechelewa kidogo tu, leo ningesindikizwa na wote bila kuzuiwa na mtu. Niliogopa, Daktari, sikufichi. Nilidhani ndiyo basi. Sasa naandika nimelala, mke wangu ndiye mtu wangu mmoja, kanishikia karatasi kwa mkono huu na mkono wangu kwa ule, na ananiambia nifupishe.

Pikapu imefika getini. Naisikia kamati kutoka hapa, sauti ya Shangazi iko juu ya zote. Nakuomba sana, usiufungue mlango huo. Nasikia pia wanatafuta mtu wa kuwaandikia barua ya malalamiko. Wakimpata, usiisome.