Nyumba Arobaini za Bondeni

Jumatatu, 2 Juni.
Kikundi chetu cha waandika programu kimeanza kujifunza ramani za kompyuta. Kazi ya kwanza ni bonde la nyuma ya chuo, ambalo hufurika kila masika. Boadu, anayeutaka uenyekiti kama mimi, akachukua barabara. Nikaogopa kuachwa nyuma. Nikachukua nyumba arobaini za kando ya kijito, peke yangu, na kutangaza kwamba nina mbinu yangu. Mbinu sina.

Jumanne, 3 Juni.
Nimeteremka bondeni na simu ya kupimia. Nyumba ya kwanza ina mbwa. Nimepanda tena juu mbio. Nimeketi kwa muuza waakye, wali wa kunde, nikabuni nyumba zote arobaini, pamoja na mwinuko wa kila moja. Jioni tukazifungua mbele ya wote. Zimo baharini! Boadu akanipongeza kwa kuvumbua kijiji cha samaki. Serwaa, katibu wetu avaaye miwani, akasema nimegeuza latitudo na longitudo, akarekebisha kwa mstari mmoja. Kisha akauliza mbona nyumba zimepanga foleni. Nikajibu kwamba wakazi wana nidhamu. Hakucheka. Alinitazama mno.

Alhamisi, 5 Juni.
Bwana Addai, kiongozi wa waokoaji wa kujitolea, amekuja kuomba ramani. Alieleza kwamba watu wake ni sita tu. Maji yakipanda, watakimbilia nyumba zenye alama nyekundu, zilizo chini. Za kijani zitasubiri. Zangu zote nilizipa kijani, kwa sababu rangi ile inatuliza macho. Nilitaka kusema. Boadu alikuwa ameketi pale pale. Nikainamia simu yangu. Fufu ya mihogo imenishinda kula leo.

Ijumaa, 6 Juni.
Hila mpya: nifute kila kitu nisingizie kirusi cha kompyuta. Nimefuta. Serwaa akanijulisha kwa upole kwamba nakala anazo, mahali pengine. Mawingu yametanda juu ya bonde. Kila nikisikia ngurumo, nahesabu watoto nisiowajua.

Jumamosi, 7 Juni.
Mvua ilianza adhuhuri. Sikuweza kukaa. Nilikimbia bondeni nikigonga milango na kupiga kelele, maji yakinifika magotini. Mbwa yule alikuwa juu ya pipa, akitetemeka kama mimi. Fundi cherehani mmoja, Maame Afrakoma, alikataa kutoka bila cherehani yake. Nikamsihi. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo inayonilisha. Beba, au nenda zako."
Nikabeba. Chuma kitupu! Njiani akauliza mbona nina hofu hivyo, ilhali yule binti wa miwani alikwisha kuwaambia wajiandae. Binti gani? Yule aliyekuja Jumatano, akapima kila nyumba na kuwapa watoto peremende.
Huko juu niliwakuta waokoaji wakiteremka na kamba. Ramani mkononi mwa Bwana Addai ilikuwa nyekundu tupu. Hakufa mtu. Ukuta wa jiko la Maame Afrakoma umekwenda na maji.
Serwaa alikuwa pale, amelowa.
"Yeboah, mara ya kwanza kugonga milango ya nyumba hizi ni lini?"
"Leo."
"Najua. Jumatatu utawaambia wenzetu mwenyewe. Mimi sitakusemea."
Sasa niko kitandani, nguo kavu.

Jumatatu, 9 Juni.
Nilisimama nikiri. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Addai akaingia na Maame Afrakoma, wakawasimulia wote kuhusu cherehani. Makofi! Hata Boadu alipiga, kwa kidole kimoja kimoja. Ningeharibuje furaha ya mama wa watu? Nikakunja kurasa nikaketi. Serwaa alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena mpaka kikao kikaisha.
Kisha Bwana Addai akauliza nani atapima bonde la pili, kubwa mara tatu, lenye nyumba mia na ishirini. Boadu akakohoa kama mtu anayejiandaa kusema. Mkono wangu ukawa juu.
Nimeianza kazi tayari. Nimechukua nyumba za Serwaa, nikazisogeza kidogo kulia, nikaziongeza mara tatu. Safari hii nimezipanga ovyo ovyo, zisifanane na foleni.