Nyota Ndani ya Tenga

Jumamosi, 6 Januari 1968
Sikukuu ya Epifania. Tumeshusha mapambo ya Krismasi kanisani: nyota ya kioo, pana kama ungo, na mipira minne ya kioo, kila mmoja sawa na boga la kushibisha familia. Yaliletwa na wamisionari wa zamani. Yakivunjika, hakuna duka Lushoto wala Tanga litakalotuuzia mengine.

Kila mwaka mzee wa kanisa mwenzangu, Sefania, huyalaza kwenye kasha la Wajerumani. Kila mpira na chumba chake, na maranda mapya ya mbao kutoka Shume. Kila mwaka anasifiwa. Nimevumilia. Leo nimesimama! Nikawauliza wazee: nchi ni huru, Azimio limetangazwa, na nyota yetu bado inalala kwenye kasha la mkoloni? Kujitegemea ni kwa mdomo tu? Mtu mmoja akapiga makofi. (Mke wangu Marta anadai alikuwa anaua mbu.)

Sefania akauliza kwa upole kama nyota yenyewe nayo si ya Wajerumani. Uchochezi.

Mchungaji ameamua nipewe mapambo kwa majaribio. Jumapili ya wiki ijayo wazee watakagua. Yakiwa salama, mtunzaji ni mimi, Rubeni Shemhilu, mpaka nizikwe. Yakiwa na ufa, ni Sefania, nami nisiguse tena pambo la kanisa.

Jumatatu, 8 Januari
Nimefungasha! Athumani, msusi wa matenga, amenipa tenga lake kubwa kuliko yote. Aliuliza ni la kabichi au la mapeasi. Nikasema ni la nyota. Akanitazama. Akasema, "Kaka Rubeni, peasi likipondeka bado linalika." Watu wa sokoni hawana upeo.

Majani makavu ya migomba chini, kisha mipira, majani, nyota, majani tena. Juu nikafunga kamba ya katani. Athumani akanisaidia kulipandisha kwenye uchaga wa fito jikoni, juu ya moto, panapokaa mahindi ya mbegu. Marta akasema kioo si hindi. Nikamjibu kuwa mahindi yamekaa pale tangu enzi za babu na hayajawahi kulalamika. Akasema hayajawahi kukaguliwa na Mchungaji. Nikatoa amri: tenga lisiguswe na mtu yeyote.

Jumatano, 10 Januari
Balaa. Mama mkwe amefika kutoka Mlola. Nyonga inamuuma, anataka joto. Marta amemtandikia jikoni, kando ya moto.

Yaani moto unawaka kutwa kucha chini ya nyota yangu, na mimi siwezi kuingia! Mkwe wa kiume hatii mguu anapolala mama mkwe, hata akiwa hayupo. Jambo hilo halihitaji kufundishwa. Shikamoo yangu naitolea nje ya mlango, macho kwenye migomba. Leo nimeitoa mara nyingi, nipate kunusa moshi. Mama mkwe amemuuliza Marta: huyu mumeo adabu imemzidi, au anaumwa?

Nikambembeleza Marta alishushe tenga. Akasema peke yake haliwezi, na kwani si mimi niliyeamuru lisiguswe? Athumani naye ameshuka Mombo kuuza matenga, harudi kabla ya Jumapili. Basi, akasema Marta, mwite Sefania. Yeye si mkwe wa mtu humu. Aingie, alishushe, yaishe.

Sefania! Heri nyota igeuke mkaa.

Alhamisi, 11 Januari
Marta amechungulia ndani ya tenga. Anasema nyota imeshika rangi ya chai.

Nimewaza mpaka uji ukapoa. Nimepata! Mila inakataza mlango. Haijasema lolote kuhusu paa.

Ijumaa, 12 Januari
Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Nilisubiri mama mkwe atoke kuota jua. Nikapanda paani, nikafumua nyasi, nikateremsha kamba yenye kulabu, nikalinasa tenga. Likapanda kama ndoo kisimani! Lilipofika tunduni likagoma. Tenga pana, tundu jembamba. Nikavuta. Nikavuta kwa jina la Uhuru. Fito zikavunjika, nikazama mpaka kwapani. Kichwa kimebaki kwenye ukungu, miguu iko jikoni, na tenga linaning'inia kwa kamba niliyoishika.

Kumbe ukungu ulipofunika jua, mama mkwe alisharudi motoni. Hakupiga yowe. Alimwita bintiye kwa sauti ya kawaida kabisa: "Marta, njoo uone. Paa lako limeota miguu." Akaitazama vizuri, akaongeza kwamba suruali inataka kiraka.

Kupanda siwezi. Nikishuka, naangukia mbele ya mama mkwe. Nikiachia kamba, kwaheri nyota. Marta akasimama uani, akaniuliza kama sasa amwite Sefania. Nikasema hapana. Mkono ukaanza kufa ganzi. Nikasema hapana. Mvua ikaanza. Nikasema aende tu akaangalie kama yupo nyumbani.

Yupo. Alikuja, akabisha hodi, akatoa shikamoo, akaulizia nyonga, akapokea habari zote za Mlola, mvua, maharage na misiba, ndipo akainua mikono. Adabu gani hiyo, na mwenzio yuko hewani! Nikaachia kamba. Sefania akalidaka tenga.

Mimi hakunidaka mtu.

Mama mkwe alijifunika kanga usoni, mimi nikatoka kwa magoti nikiwa nimefumba macho, nikagonga mlango kwanza. Faini ya kumvunjia heshima ni mbuzi. Marta anasema desturi ni beberu, ila mama yake amekubali hata jike, kwa kunihurumia. Sitaki huruma! Nitatoa beberu.

Jumapili, 14 Januari
Ukaguzi. Nyota nzima, ila kahawia. Mpira mmoja mzima. Mmoja una ufa. Miwili, nikubali, imekuwa mingi.

Nikajitetea kwa sauti kubwa. Nilisema ufungashaji wangu haukuwa na kasoro. Kilichoharibu ni nyonga, ambayo haikuwemo kwenye mpango. Wazee wakainamisha vichwa. Nilidhani wanaomba, kumbe wanacheka.

Sefania akasimama kunitetea. Kunitetea! Alisema Bwana Rubeni amejitahidi sana, na majani ya migomba si mabaya, mwaka huu atayachanganya na maranda. Kisha akaifuta nyota kwa kitambaa chake mwenyewe, taratibu, kama anamwosha mtoto. Akapewa mapambo moja kwa moja. Nyota ikaingia kwenye kasha la Wajerumani, kifuniko kikafungwa.

Sikushindwa. Nilizidiwa kura.

Jumapili, 21 Januari
Beberu amekwenda Mlola pamoja na mwenyewe. Kabla ya kuondoka mama mkwe alimwambia Marta, kwa Kishambaa na kwa sauti ya kunifikia nyuma ya nyumba, kwamba ameona wakwe wa kila namna, ila huyu ni wa kwanza kuja kwa juu.

Leo baada ya ibada Mchungaji ametangaza habari njema. Vioo vipya vya madirisha ya kanisa vimefika stesheni ya Mombo. Anatafutwa mtu mwangalifu wa kuvipandisha huku juu, kona zote zile. Sefania alikuwa bado anakuna kidevu. Mimi nilishapiga hesabu: dirisha si pambo, kwa hiyo sikatazwi. Na kioo bapa hakina matatizo ya mpira. Kinatulia chenyewe! Unavisimamisha katikati ya magunia ya viazi, juu ya lori, ukivishikilia kwa mgongo. Wajerumani hawakulifikiria hilo.

Nikainua mkono. Marta akaushika, akaushusha.

Nikainua wa pili.