Zulia la Maji Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Alhamdulillahi, simu imelia asubuhi kabla chai haijapoa. Hajati Medina anakuja! Jumapili, kutoka Koboko, kuitazama nyumba yetu. Yeye ni shangazi yake Hamuza, na Hamuza ndiye kijana anayemtaka binti yangu Shakirah. Wazazi wa Hamuza walishatangulia, kwa hiyo neno la Hajati ndilo neno. Akisema ndiyo, ndoa. Akisema hapana, Shakirah atalia mpaka Idi na mimi nitamshikia leso. Kijana mwenyewe ni wa swala tano, na hajapita hapa hata siku moja bila kuuliza mgongo wangu unaendeleaje. Wakwe wa namna hii hawaoti njiani.

Tatizo ni pua. Pua ya Hajati Medina inajulikana Koboko mpaka Arua. Mwaka jana aliacha chai katikati, akavunja posa ya mpwa wake mwingine, kwa sababu kikombe kilinuka yai. Yai!

Na sebule yangu inanuka. Si yai. Zaidi.

Mume wangu Swadiki alikuwa sajini. Yeye alistaafu jeshi, jeshi halikumstaafu yeye. Kapita amefunga mikono nyuma, ananusa kona moja moja kama anakagua gwaride. Akatangaza kwamba hapa iko panya, na hiyo panya iko mekufa. Nikasema ndiyo, panya, masikini.

Humu daftarini siwezi kudanganya. Si panya. Ni angara. Wiki tatu zilizopita nilinunua gunia zima la samaki hao wakavu wa chumvi, ili wakwe wakija wale mpaka wafungue mikanda. Nikalificha darini, juu ya sebule, kwa kumhofia wifi yangu Mariam Poni anayekaa nyumba ya pili. Mariam Poni haombi. Huonja. Idi iliyopita alionja mguu mzima wa mbuzi. Kumbe bati letu lina matundu ya misumari! Mvua ya Jumamosi imeingia, na samaki waliokauka mwezi mzima wamekumbuka ziwa.

Nashukuru nina siku sita. Mbingu na ardhi ziliumbwa kwa sita.

Jumanne, 9 Septemba

Swadiki alipoenda msikitini adhuhuri, nikapanda. Meza, juu ya meza stuli, juu ya stuli mimi. Nikalivuta gunia. Gunia likaja. Kitako chake kikabaki darini.

Ya Rabi! Samaki kichwani, samaki mabegani, maji ya samaki juu ya zulia langu rangi ya maziwa, zulia la harusi yangu, ambalo kwa miaka ishirini na sita watu wamelikanyaga kwa soksi tu.

Nikazoa vyote, nikavizika nyuma ya jiko. Nilikusudia shimo la kufika kiunoni. Mgongo ulikubali la kufika magotini. Sawa, la kwenye kifundo.

Swadiki aliporudi akanusa, akasema panya sasa iko mingi. Nikamwambia ni familia.

Nashukuru sikuvunjika mguu. Stuli ndiyo imevunjika, na ilikuwa ya Mariam Poni.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya dawa. Kwanza majivu, maana mama yangu aliondoa kila kitu kwa majivu. Kisha ndimu arobaini. Majivu na ndimu vikafanya uji. Nikaukwangua uji kwa kisu, nikamwaga siki. Ikatoa povu! Nikafurahi, nikidhani povu ni ushindi. Halafu makaa kwenye sufuria katikati ya sebule, yavute harufu. Hayakuvuta. Halafu ubani, konzi tatu kwenye chetezo, madirisha yamefungwa.

Sasa sebule inanuka samaki aliyekwenda maulidi.

Mariam Poni akaja kuulizia stuli. Akasimama mlangoni na ukosi wa gauni puani. "Wifi, mumefungua soko hapa, na mimi hamuniambii?" Nikamwambia ni panya. Akasema basi huyo panya alikulia Panyimur, ziwani. Nikacheka kwa mdomo. Moyoni sikucheka.

Na Shakirah? Ameketi uani anashona vitambaa vya viti na kuvikunja, anavikunja na kuvishona. Kimya chake kinanikata kuliko maneno ya wifi. Nikamwahidi Jumapili nyumba itanuka kama waridi. Akasema, "Mama, hata kama haitanuka kitu, mimi nitashukuru." Mtoto mwenye adabu. Namshukuru Mungu kwa mtoto huyu.

Alhamisi, 11 Septemba

Msiba! Jirani yetu Acidri, mfyatua matofali, ana mbwa. Acidri ni shabiki wa timu ya Onduparaka damu na nyama, na mbwa amemwita Refa, apate wa kumtukana wiki nzima hata kama hakuna mechi. Leo Swadiki yuko shambani Aroi. Natoka kuanika nguo, narudi, nani yuko sebuleni? Refa. Amefukua gunia langu nyuma ya jiko, amelikokota mpaka ndani, amelala katikati ya zulia anakula. Na anapomaliza samaki, analamba zulia! Amelamba kutoka mlangoni mpaka kabatini, taratibu, kama mtu anayepiga deki.

Nikapiga kelele. Acidri akaja mbio, akamkamata Refa sikio, akanililia pole: "Samahani, mama, huyu ni mbwa haina dini." Mtu mwema. Alichimba shimo mwenyewe, safari hii mpaka kifuani, akazika kilichobaki, na akaapa hatamwambia Swadiki.

Lakini sasa si harufu tu. Mate ya mbwa! Najisi nzito! Hajati Medina akae juu yake na nguo zake za kuswalia? Kwa hilo siwezi kufanya ujanja, kuna Mungu. Nikampigia Sheikh Nasuru. Alikuwa juu ya boda, barabara ya Koboko, upepo unavuma simuni. Akasema nioshe mara saba, na moja ya hizo iwe kwa tumbaku.

Nikashangaa. Nikauliza tena, kwa tumbaku, sheikh? Akasema ndiyo, ndiyo, hivyo ndivyo ilivyokuja. Nikauliza ya namna gani. Akasema yoyote, mradi iwe safi. Simu ikakatika.

Mimi niliachia darasa la sita. Nani mimi nibishane na mtu aliyesoma miaka tisa? Nashukuru dini yetu ina jibu la kila kitu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sokoni, kwa Santina, anayeuza tumbaku ya Lurujo. Nikanunua vifungu vinne, nikiwa nimejifunika mtandio mpaka macho. Santina akanitambua kwa miguu. "Mama Shakirah! Karibu chamani. Unavuta ama unatafuna?" Nikasema ni ya ibada. Wanawake wote wa safu ile wakanyamaza. Kisha hawakunyamaza.

Nyumbani nikachemsha majani, nikapanga mabeseni saba. Kama moja kwa tumbaku ni vizuri, saba zote kwa tumbaku ni vizuri mara saba. Ndivyo nilivyofikiri. Nikasugua. Beseni la tatu kichwa kikazunguka. La tano nikapiga chafya kumi na moja bila kupumzika. La saba nikakaa chini nikaona sebule mbili, zote chafu.

Zulia sasa ni rangi ya chai ya maziwa. Ya maziwa machache.

Lakini nisikilize, daftari langu! Harufu ya samaki imekwisha! Imekwisha kabisa! Nikasujudu palepale, mahali pakavu.

Swadiki akarudi kutoka swala ya Ijumaa. Aliacha sigara miaka kumi na mmoja iliyopita kwa machozi. Akasimama mlangoni, pua juu, macho yamefumbwa, kama mtu aliyesikia rafiki wa zamani akimwita. Halafu akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya kambini nani iko navuta ndani ya nyumba yake. Nikasema ni dawa ya panya. Akauliza mbona mke wake anaonekana sokoni akinunua vifungu vinne. Habari ilifika msikitini kabla ya khutba.

Shakirah akalia. Kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Akasema Hajati atafikiri anaolewa kutoka nyumba ya wavuta tumbaku. Nimejaribu kushukuru leo, nimepata moja tu: macho yangu bado yanaona, ingawa yanawasha.

Jumamosi, 13 Septemba

Sheikh Nasuru amepita kutusalimu. Akanusa, akauliza. Nikamweleza kwa fahari kwamba nimefuata, tena nimezidisha. Akasema, "Mama Shakirah, mimi nilisema turabu." Turabu, kwa Kiarabu: udongo. Udongo! Ambao umenizunguka tangu nizaliwe! Kofia yake ilianguka kwa kucheka, na mimi nilimwokotea.

Ndipo Swadiki akajua yote, gunia, shimo na Refa. Hakugomba. Akavua shati, akaleta udongo mwekundu kwa ndoo, tukaanza upya, saba nyingine, yeye anahesabu kwa sauti kama gwaride. Mbili, geuka! Tatu, geuka! Zulia sasa ni twahara kabisa. Pia ni jekundu, limelowa, na kila linavyolowa ndivyo tumbaku inavyopanda. Mvua imekataa kutupa jua.

Basi nikapata wazo. Hajati hajawahi kuiona nyumba yetu. Nani atamwambia kwamba ya Mariam Poni si yetu? Nikavaa uso wa unyenyekevu, nikaenda. Niliona ningepigwa mafumbo mpaka magharibi. Wifi akanisikiliza, akauliza swali moja tu, kama Shakirah amekula. Kisha akatoa mashuka yake mapya, akafagia, akamwaga ndoo nne za maji mlangoni. Akasema binti wa kaka yake ni binti yake, stuli atanidai peponi.

Nimelia kidogo. Miaka yote hii nilimficha samaki mtu huyu.

Jumapili, 14 Septemba

Siku yenyewe! Gari likasimama saa nne. Hajati Medina akashuka, mrefu, mweupe kwa nguo, pua mbele. Sisi wote tumejipanga mlangoni kwa Mariam Poni, Swadiki katikati kama mwenye nyumba. Mariam Poni amevaa aproni yangu. Nikasema karibu Hajati, hapa ndipo kwetu.

Akaweka mguu kizingitini. Akasimama. Pua ikageuka. Kisha mwili wote ukaifuata pua. Akatuacha na tabasamu zetu, akavuka ua, akapita kamba ya nguo, akaingia moja kwa moja sebuleni kwangu, na nilipofika nikamkuta ameketi chini juu ya zulia bichi, gauni jeupe juu ya matope, analia.

Shakirah alinishika mkono mpaka mifupa ikagusana. Nikasema moyoni, imekwisha.

Hajati akasema, "Baba yangu iko hapa." Akatueleza. Alizaliwa Lurujo. Baba yake alilima tumbaku, akaikausha kwenye banda ambamo watoto walilala kipindi cha baridi. Banda lilibomolewa, mzee alizikwa, na tangu hapo, miaka thelathini, hajainusa harufu ile ndani ya nyumba ya mtu. Akauliza nani hapa ni mkulima.

Ningeweza kusema Swadiki. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini nilimwona Shakirah, nikasema yote. Angara, panya asiyekuwepo, Refa, sheikh juu ya boda, hata nyumba ya wifi. Hajati akaniangalia. Kisha akaanza kucheka bado machozi yanatiririka, na Swadiki naye, na Mariam Poni akapiga kigelegele kabla mtu yeyote hajasema lolote.

Hajati akasema mtu anayesugua mara kumi na nne ili mgeni aswali juu ya kitu safi, mutu kama hiyo ndiyo ndugu. Posa imekubaliwa! Nikaha Jumamosi tarehe 27, nyumbani kwake Koboko. Shakirah alikimbilia jikoni, na nilimsikia akiimba. Mungu ni mkubwa. Anaweza kupita hata ndani ya beseni.

Jumanne, 16 Septemba

Hajati amenipigia simu, anaongea kwa kunong'ona. Ana siri. Dari ya nyumba yake huko Koboko imejaa popo, mamia, miaka mingi, uvundo wao umejaa nyumba nzima, na mafundi wote wameshindwa. Ndiyo maana pua yake haina huruma kwa nyumba za watu. Na Jumamosi ile wageni themanini watakaa chini ya popo hao. Akasema mimi ni mtu wa harufu. Je, naweza?

Nikasema naweza. Ningesemaje? Nina shukrani.

Swadiki anashauri twende wiki moja mapema, popo wakitoka jioni tuzibe matundu yao, kidogo kidogo. Wazo la kizee. Mimi nina bora zaidi. Moshi wa pilipili! Kavu, kali, ile ndogo, nusu gunia, kwenye majiko sita, milango na madirisha yote yamefungwa vizuri. Nitaiwasha asubuhi ileile ya nikaha, ili popo wasipate nafasi ya kurudi, na wageni watakapoingia saa nne moshi utakuwa umeshatoka.

Pilipili nimeshanunua. Swadiki sijamwambia. Inshallah atafurahi.